Kiyoyozi cha mtumba: Nafuu ya dukani, mzigo kwenye mita

MSIMU wa kaskazi unapowadia katika mwambao wa Kenya, kuanzia Desemba hadi mvua za masika zinapokaribia, usiku huwa mrefu kwa wakazi wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Lamu. Kipimajoto hupanda hadi nyuzi 32 au 33 mchana katika miezi ya Februari na Machi, na hata baada ya jua kutua kuta za saruji huendelea kutoa joto zililolinyonya mchana kutwa. Unyevu wa bahari nao hulifanya jasho likatae kukauka mwilini. Watoto hulia, wazee hukosa usingizi, na wanaoamkia kazi alfajiri hutoka nyumbani wakiwa wachovu kuliko walipolala.

Ndipo mazungumzo ya kiyoyozi yanapoanza katika nyumba nyingi ambazo, miaka michache iliyopita, zilikiona chombo hicho kuwa anasa ya mahoteli ya kitalii, mabenki na afisi za wakubwa. Na mara tu mazungumzo hayo yanapoanza, swali la pili hufuata: kinunuliwe kipya dukani, au kitafutwe cha mtumba kilichong'olewa katika hoteli inayokarabatiwa, katika afisi iliyofungwa, au kilichoshuka bandarini ndani ya kontena kutoka ng'ambo?

Kwa mwenye mshahara wa ualimu, uuguzi au ukarani, swali hilo si la mapambo. Tofauti ya bei kati ya viwili hivyo inaweza kutosha karo ya muhula mzima. Haishangazi basi kwamba wengi huchagua cha bei nafuu, wakijiambia kwamba baridi ni baridi tu, iwe imetoka katika chombo kipya au kikuukuu.

Hata hivyo, ukichunguza kwa makini utaona kwamba bei anayotaja muuzaji wa mtumba ni sehemu ya kwanza tu ya malipo. Sehemu ya pili hulipwa kidogo kidogo kupitia mita ya stima, ya tatu kwa fundi, na ya nne inahusu gesi ambayo mataifa ya dunia yamekubaliana iondolewe sokoni. Muuzaji hatawajibikia hata moja kati ya hizo tatu za mwisho.

Tuanze na mita, maadamu ndiyo inayouma kila mwezi.

Kiyoyozi kinachotosha chumba cha kulala cha kadiri au sebule ndogo huwa cha BTU 9,000 au 12,000. BTU ni kipimo cha joto ambalo chombo kinaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja. Cha 12,000 huondoa joto la takriban kilowati tatu na nusu. Suala kuu ni kiasi cha stima kinachotumika kuifanya kazi hiyo. Vile vya zamani, ambavyo kompresa yake hujua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima kabisa, vyaweza kula kilowati 1.4 vinapokuwa vimewaka. Vipya vyenye teknolojia ya inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa, vikaendelea kunguruma polepole usiku kucha kwa sehemu ndogo ya nguvu hizo.

Chukua mfano wa familia inayowasha kiyoyozi saa nane kila usiku. Tuseme cha zamani kitatumia wastani wa kilowati 1.1 usiku huo, kwa kuwa huzima na kuwaka, nacho kipya cha inveta kitumie nusu yake, yaani kilowati 0.55. Cha kwanza kitakula uniti 8.8 kwa usiku mmoja na cha pili uniti 4.4. Tukikadiria uniti moja kuwa Sh30 pamoja na ushuru na ada nyinginezo, cha zamani kitagharimu Sh264 kila usiku na kipya Sh132. Kwa mwezi wa siku 30 hesabu ni Sh7,920 dhidi ya Sh3,960. Kwa miezi sita ya joto, kuanzia Novemba hadi Aprili, pengo kati ya viwili hivyo linafika Sh23,760.

Sasa linganisha pengo hilo na bei. Ikiwa cha mtumba kimepatikana kwa Sh28,000 na kipya ni Sh65,000, aliyenunua cha mtumba ameokoa Sh37,000 siku ya kwanza. Katikati ya kaskazi ya pili, akiba yote hiyo itakuwa imemezwa na tokeni. Kuanzia hapo kila usiku anaolala ni hasara juu ya hasara, na chombo chenyewe kimezidi kuchakaa. Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila mtu anaweza kubadilisha bei na saa kulingana na hali yake. Lakini mtu akizifanya upya kwa karatasi na kalamu, atagundua kwamba kinachoamua kesi hii ni saa za matumizi kuliko kitu kingine chochote.

Ushahidi wa jambo hilo upo katika mfano uo huo. Mwenye duka au mama anayetaka kupoza chumba kwa saa tatu tu kabla ya kulala atatofautiana na mwenzake wa kipya kwa Sh1,485 kwa mwezi. Atahitaji miezi 25 ya matumizi, ambayo ni zaidi ya misimu minne ya joto, kabla ya pengo la bei kufidiwa. Kwa mtu kama huyo, kununua mtumba si ujinga hata kidogo, ikiwa tu chombo chenyewe ni kizima na kitadumu misimu hiyo minne.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa pande zote mbili hawapendi kulitaja. Mpangilio wa bei za stima ulioanza Aprili 2023 unawagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, wale wa kati ya 31 na 100, na wanaopita 100. Kundi la mteja hupangwa kwa kuangalia wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Familia yenye friji, televisheni, taa na feni ikiwa inatumia uniti 80, kiyoyozi cha mtumba kitaongeza uniti 264 na kipya kitaongeza 132. Vyote viwili vitaivusha familia hiyo mpaka wa 100, na kuanzia hapo hata taa ya jikoni na pasi zitalipiwa kwa bei ya kundi la juu. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza kipya au cha mtumba, kuna swali linalotangulia: je, kiyoyozi chenyewe kinahitajika?

Panga boi la dari hutumia takriban wati 70. Likizunguka saa nane halitimizi hata uniti moja, na gharama yake kwa hesabu ya juu ni kama Sh17 kwa usiku. Ni kweli feni haipoozi hewa. Kazi yake ni kuisukuma ili jasho likauke, na unyevu ukizidi kazi hiyo huwa ngumu. Lakini nyumba yenye madirisha yanayokabiliana, dari chini ya mabati na kivuli cha mwembe upande wa magharibi inaweza kuvumilika kwa feni siku nyingi za mwaka. Wazee wa Lamu na Mji wa Kale waliojenga kuta nene za matumbawe na vyumba vyenye dari ndefu hawakuwa na stima, na nyumba zao bado ni baridi kuliko ghorofa nyingi zilizojengwa juzi. Wanaojenga vyumba vya kupangisha siku hizi, dirisha moja na paa tupu la mabati, ndio wanaowauzia wapangaji wao haja ya kiyoyozi.

Tukirejea kwenye chombo chenyewe, sehemu inayowatatiza wanunuzi wengi ni gesi. Wapo wanaoamini kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kama petroli inavyoisha katika gari, na kwamba ni kawaida kumwita fundi kila mwaka aje "kuongeza". Sivyo. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibadilika kuwa kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na haipungui iwapo hakuna mahali inapovuja. Kiyoyozi kinachoongezwa gesi kila msimu kimetoboka, na fundi anayekiongeza bila kutafuta tundu anauza gesi ileile kwa mteja yuleyule kila mwaka.

Vya mtumba viko katika hatari kubwa zaidi ya uvujaji kwa sababu ya jinsi vinavyong'olewa. Fundi mwangalifu huikusanya gesi yote katika sehemu ya nje kabla ya kufungua mabomba, huziba ncha zake zisiingize unyevu, na wakati wa kufunga upya hutumia pampu kuondoa hewa yote ndani ya mabomba kabla ya kuiachilia gesi. Fundi wa haraka hukata bomba, gesi ikatoka kwa mlio na kupotelea angani, na chombo kikakaa wazi nyuma ya lori kwa wiki kadhaa. Unyevu unaoingia humo huchanganyika na mafuta ya kompresa na kuyaharibu. Kiyoyozi cha namna hiyo kikifungwa leo kitapoza vizuri. Kompresa yake itakufa miezi kadhaa baadaye, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Chumvi ya bahari ni adui mwingine. Mapezi membamba ya alumini yaliyoko nyuma ya sehemu ya nje huliwa na upepo wa chumvi hadi yakasagika kama karatasi iliyoungua. Yakishafika hapo, joto halitoki vizuri, kompresa hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi na mita huzunguka. Chombo kilichotumika miaka minane Nairobi huenda kikawa na afya kuliko kilichotumika miaka mitatu katika hoteli iliyo ufuoni. Wauzaji husafisha kwa maji na kupuliza rangi, na mnunuzi akaona chombo king'aavyo.

Hapa ndipo ulinganisho na mitumba mingine unaposhindwa. Shati la mtumba hutandazwa juani, likageuzwa ndani nje, na doa likaonekana. Viatu hupimwa mguuni. Ugonjwa wa kiyoyozi umo ndani ya bomba la shaba, na anayekinunua kikiwa kimelala sakafuni bila kuwashwa anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kisha kuna aina ya gesi, jambo ambalo limegeuka kuwa siasa ya kimataifa. Viyoyozi vingi vya zamani hutumia gesi iitwayo R-22. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia dhidi ya miale mikali ya jua, na kwa sababu hiyo iliwekwa katika orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Mataifa yanayoendelea, Kenya ikiwemo, yalikubali kusitisha ongezeko la matumizi yake mwaka 2013, kupunguza kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Ifikapo 2030 matumizi yanatakiwa kuwa yamekoma, isipokuwa kiasi kidogo sana kitakachoruhusiwa kwa ukarabati wa mitambo iliyobaki hadi 2040.

Maana yake kwa mnunuzi wa Kisauni au Mtwapa ni rahisi kueleweka. Kiyoyozi cha R-22 anachokinunua sasa kinategemea gesi ambayo mlango wake unafungwa mwaka hadi mwaka. Bidhaa ikipungua sokoni bei hupanda, na bei ikipanda walaghai huingia. Mwaka 2011 makontena ya kubebea vyakula vya baridi yalilipuka na kuwaua wafanyakazi watatu baada ya kutiwa gesi bandia iliyochanganywa na kemikali hatari. Hayo yalikuwa makontena ya meli na gesi iliyoigizwa ilikuwa ya aina nyingine, lakini mtego ni uleule: mtungi wenye jina moja na kitu kingine ndani.

Ni kinaya kwamba sekretarieti inayosimamia mkataba huo wa ozoni iko papa hapa Kenya, katika makao ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Gigiri, Nairobi, ilhali wananchi wengi wanaonunua viyoyozi hawajawahi kuambiwa kwamba herufi na tarakimu zilizochapwa kwenye kibati cha chombo zina uhusiano na maamuzi hayo.

Gesi iliyoifuata R-22, yaani R-410A, haidhuru ozoni. Tatizo lake ni jingine: kilo moja ikivuja hulipasha joto anga kwa kiwango cha kilo zipatazo 2,000 za gesi ya kaboni. Marekebisho ya mkataba yaliyopitishwa jijini Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 yaliiweka gesi hiyo na nyingine za jamii yake katika safari iyo hiyo ya kupunguzwa. Mataifa ya Afrika yalitarajiwa kusitisha ongezeko lake mwaka 2024, kuanza kupunguza mwaka 2029 na kufikia punguzo la asilimia 80 mwaka 2045. Watengenezaji wameanza kuhamia R-32, ambayo athari yake ni takriban thuluthi moja ya R-410A, na R-290, ambayo kwa hakika ni propani, yenye athari ndogo mno ingawa inashika moto kwa urahisi na inamtaka fundi aliyefunzwa.

Nchi tajiri zimetangulia mbio hizo. Ulaya ilipiga marufuku R-22 mpya katika ukarabati mwaka 2010 na hata ile iliyosafishwa mwaka 2015. Marekani ilisitisha uundaji na uingizaji wake mwaka 2020. Tangu Januari 2025 pande hizo mbili zimekuwa zikizuia viyoyozi vipya vya nyumbani vinavyotumia gesi nzito kama R-410A. Mtu hahitaji shahada ya uchumi kubashiri kinachofuata. Chombo ambacho hakitakiwi Hamburg wala Houston hutafuta bandari ambako bado kinatakiwa. Sheria mpya ya Ulaya ya 2024 ilijaribu kuuziba mwanya huo kwa kuzuia baadhi ya mitambo ya aina hiyo isiuzwe nje, lakini dunia ina bandari nyingi na Ulaya si muuzaji pekee.

Serikali za Afrika hazilazimiki kukaa zikitazama. Ghana ilipitisha kanuni mwaka 2008 zilizopiga marufuku uingizaji na uuzaji wa friji, friza na viyoyozi vilivyotumika, na ikaanza kuzitekeleza kwa nguvu mwaka 2013 licha ya kelele za wafanyabiashara. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo kikuukuu cha mwananchi mmoja kinaondoa stima kwa mwenzake, kwa kuwa gridi ni moja.

Kenya inaijua kanuni hiyo katika magari. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na kila mwenye kuagiza gari Mombasa anaifahamu hesabu hiyo kama anavyolijua jina lake. Aidha, kanuni za kawi za 2016 zinahitaji viyoyozi kuwa na lebo ya nyota, moja hadi tano, kuonyesha ufanisi wake katika kutumia stima. Lakini lebo hiyo ni msaada kwa anayenunua kipya. Cha mtumba kwa kawaida huja bila lebo, bila risiti, bila mwaka unaojulikana, na mnunuzi ambaye ndiye mwenye fedha kidogo zaidi ndiye anayebaki gizani zaidi.

Wanaopinga marufuku wana hoja nzito. Ukifunga mlango wa mtumba bila kushusha bei ya vipya, utakuwa umewaambia wenye kipato cha chini walale na joto lao, huku waliotunga sheria wakilala kwenye baridi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Joto nalo si mzaha tena. Machi 2024 jirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule joto lilipotarajiwa kufika nyuzi 45. Kwa mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo au ajuza wa miaka themanini, chumba chenye ubaridi chaweza kuwa dawa. Kwa upande mwingine, mahitaji ya juu ya stima nchini yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, na kila kompresa kuukuu inayowashwa saa mbili za usiku huongeza mzigo wakati uleule ambapo kila nyumba imewasha taa na televisheni. Pengine njia ya katikati ni ile ya magari: umri ujulikane, gesi ijulikane, na kilichopita kiwango kirudishwe kilikotoka. Hilo halihitaji mapinduzi, linahitaji wakaguzi bandarini.

Hadi hapo, mwananchi anayetaka kununua leo atafanyaje?

Upya peke yake si hoja ya kutosha. Madukani mngali na viyoyozi vipya visivyo na inveta, vya nyota moja au mbili, ambavyo mita itavitendea sawa na vya mtumba. Anayelipa Sh45,000 kwa kipya cha namna hiyo na kukiwasha usiku kucha anaweza kujikuta amekula hasara ya pande zote mbili. Nyota, inveta, aina ya gesi na kinga ya chumvi kwenye mapezi ya nje ni mambo ya kuulizwa kabla ya rangi na rimoti. Dhamana nayo isomwe: nyingi huifunika kompresa kwa miaka kadhaa na sehemu nyingine kwa mwaka mmoja tu, na huenda zikabatilika iwapo chombo kimefungwa na fundi asiyetambuliwa na muuzaji.

Anayechagua mtumba, ama kwa sababu matumizi yake ni ya saa chache, ama kwa sababu hana fedha zaidi, ana kinga moja kubwa: kukiona kikifanya kazi pale kilipofungwa kabla hakijang'olewa. Kiwashwe angalau dakika 20. Fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji, apime mkondo wa stima na kuulinganisha na ule ulioandikwa kwenye kibati. Atazame viungo vya mabomba, kwa kuwa doa la mafuta mahali hapo ni dalili kwamba gesi inatoroka. Hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi nane au zaidi. Kibati kikiwa kimebanduliwa, mazungumzo yaishie hapo. Kikisema R-22, bei ishuke sana au mnunuzi aende zake. Kikiwa cha inveta, kina R-32 na kimetumika miaka miwili au mitatu na jirani anayehamia mji mwingine, basi hicho huenda kikawa bora kuliko vingi vinavyong'aa dukani.

Vilivyotoka ng'ambo vina mtego wa ziada. Stima ya Kenya ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Chombo kilichotengenezewa Marekani huwa cha mizunguko 60, mara nyingi kwa volti tofauti. Cha Saudi Arabia nacho ni cha mizunguko 60 ingawa volti zinakaribiana na zetu. Kompresa ya aina hiyo ikiwashwa hapa huzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, ikapoza kidogo na kuchemka zaidi. Stima inayokatika na kurejea kwa kishindo, kama ilivyo kawaida katika mitaa mingi ya Pwani, humaliza kilichobaki. Kidhibiti cha volti si gharama ya kukwepa, kiyoyozi kiwe kipya au kikuukuu. Vya inveta hata vinakihitaji zaidi, kwa kuwa bodi yake ya kielektroniki huungua kwa urahisi na bei yake huumiza.

Ukubwa nao husahauliwa. Anayenunua kipya huchagua kinacholingana na chumba chake. Wa mtumba huchukua kilichopo, na aghalabu kilichopo ni kile cha BTU 18,000 kilichokuwa kikipoza ukumbi mdogo wa mikutano. Kikifungwa katika chumba cha mita tatu kwa tatu, hupoza kwa dakika chache kikazima kabla hakijauondoa unyevu. Matokeo yake ni chumba chenye baridi iliyolowa, shuka zenye unyevunyevu na ukungu ukutani, na watu hudhani chombo kimeharibika.

Wapangaji, ambao ndio wengi mijini, wana hesabu yao ya pekee. Kiyoyozi kipya hugeuka mtumba siku mpangaji anapohama, maana ni lazima king'olewe, kisafirishwe na kufungwa upya, pamoja na hatari zote zilizotajwa za gesi na unyevu. Anayehama kila baada ya miaka miwili ataulipia ung'oaji huo mara kadhaa kabla chombo hakijazeeka, na gharama hiyo haina budi kuingizwa katika hesabu ya pengo la bei. Wenye nyumba wachache hukubali kugharamia kiyoyozi na kuongeza kodi kidogo. Walio wengi hudai ruhusa iandikwe kabla ya ukuta kutobolewa. Mkataba usiposema chochote, mpangaji huondoka na chombo chake, nayo mabano ya chuma na tundu la bomba vikabaki kwa mwenye nyumba, ambaye huvikata katika amana.